Bendeji za Goti la Kushoto

Kila asubuhi, kabla kengele ya mstarini haijalia, Matroni hutoka na kikombe cha chai na kusimama kwenye mlango wa chumba cha wagonjwa. Chai hiyo hainywi. Huishika kwa mikono miwili kama mtu anayejipasha moto, macho yake yakiwa chini, kwenye njia ya kokoto inayotoka mabwenini. Wasichana hupita makundi kwa makundi, humsalimu, naye huwaitikia bila kuinua uso. Mgeni angedhani ana kiburi, au hajaamka vizuri. Anatazama miguu. Kengele ikilia chai imeshapoa, naye huimwaga kwenye shina la ua lililo kando ya ngazi, akaingia ndani. Ua lenyewe limenawiri ajabu.

Namjua kwa sababu tunapakana. Maktaba ninayoitunza na chumba chake vilikuwa darasa moja zamani, wakalikata katikati kwa ukuta wa mbao nyembamba. Huku kuna rafu za vitabu. Kule kuna vitanda vitatu, kabati la dawa na mizani isiyosema kweli. Mtu akikohoa kule, msomaji wa huku anainua kichwa. Kwa hiyo mengi ya haya niliyasikia bila kutega sikio. Mengine alinisimulia mwenyewe, na ya jikoni nilisimuliwa mara mbili, naye na mpishi, kila mmoja kwa namna yake.

Ni mwanamke wa makamo, mnene kiasi, anayevaa raba za kitambaa zilizomzidi kidogo, maana ikifika jioni miguu yake huvimba. Kabla ya kuja hapa alikuwa muuguzi msaidizi katika wodi ya wazazi. Watoto wachanga anawajua. Magoti na vifundo vya miguu amejifunzia shuleni, na kwa kukosea. Mpira hajawahi kuucheza. "Mimi netiboli naijua kwa majeruhi wake," husema.

Msichana akiumia uwanjani, jambo la kwanza ni kucheka. Anaanguka, anainuka, anacheka, anasema si kitu. Bwenini rafiki yake anamchua kwa dawa ile yenye harufu ya kufukuza mbu. Isipomsaidia anakwenda jikoni kwa mpishi, ambaye wasichana humwita Mjomba, naye humkanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Mjomba akishindwa, siku ya ruhusa ya kutoka anakwenda nyuma ya soko kwa bwana mmoja anayevuta viungo, ambaye hajakutana bado na mguu asioweza kuuvuta. Baada ya hapo ndipo anakuja kwa Matroni, na baada ya Matroni ndiyo hospitali.

"Wakinifikia mimi," Matroni husema, "goti limeshapita mikono mingi kuliko noti ya sokoni."

Wanajificha kwa sababu moja tu. Ukijulikana umeumia, unatolewa kwenye timu. Na kwa wengi wao, timu ndicho kitu pekee hapa shuleni walichokichagua wenyewe.

Mwaka uliopita Matroni alifanya jambo ambalo alidhani ni kazi yake. Msichana mmoja alimjia na kifundo cha mguu kilichovimba, naye akaenda moja kwa moja ofisi ya walimu akamwambia mwalimu wa michezo mbele ya watu. Mwalimu huyo ni kijana mpole tu, lakini filimbi haimtoki shingoni hata akiwa anakula, kwa hiyo wasichana humwita Filimbi. Filimbi alimtoa yule msichana siku hiyo hiyo. Kifundo kilipona. Ila kuanzia hapo hakuna mchezaji aliyekanyaga chumba cha wagonjwa kwa muda wa muhula mzima. Walikuja wa tumbo, wa kichwa, wa kukwepa mtihani. Walioumia walikwenda kwa Mjomba na nyuma ya soko. Mmoja wao alivunjika mfupa wa kiganja, ukavutwa na kukandwa wiki nyingi bila yeyote kujua kuwa umevunjika, ukaunga kombo. Msichana huyo sasa anaandikia mkono wa kushoto. Hukaa meza ya karibu na dirisha la maktaba, na herufi zake zinalala kama nyasi zilizokanyagwa.

Matroni alimwona siku moja akihangaika na kalamu, akaketi nje kwenye ngazi kwa muda mrefu. Kisha akaenda mabwenini, chumba baada ya chumba, akawapa ahadi.

"Sikilizeni wanangu. Mtu akiumia aje. Sitamwambia mwalimu kabla sijamwambia mwenye mguu kwanza. Atajua yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Mmenielewa?"

"Na baadaye je, Mama?" aliuliza msichana wa timu anayeitwa Redio, kwa jinsi asivyozimika. "Ukishamwambia yeye, unamwambia na mwalimu?"

"Baadaye tutazungumza, mimi na yeye."

Lilikuwa jibu la kukwepa na walilijua hivyo, lakini halikuwa uongo. Taratibu walianza kuja. Na wiki ile ya kabla ya mechi kubwa ya wilaya, walianza kuja kwa wingi.

"Mama, naomba bendeji. Goti linanigonga kidogo."

"Goti lipi?"

"La kushoto."

Kesho yake mwingine, kushoto. Jioni mwingine. Matroni aliwatazama, akawabonyeza, akaona hakuna uvimbe wowote, akawapa bendeji hivyo hivyo. Alifikiri wanazoea njia. Leo mtoto anakuja na kidonda cha kusingizia, kesho atakuja na cha kweli. Kupitia ukutani nilimsikia akiimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Nyumbani kwake, nyumba ndogo nyuma ya shule, alimwambia mumewe kwamba wasichana wamerudi.

Mumewe ni seremala. Miaka yote amesimama juu ya sakafu ya saruji, na kisigino kinamsumbua.

"Wamerudi wote na magoti yao," alisema. "Na mimi kisigino changu nikilete lini? Au mpaka nivae sketi ya sare?"

"Weka mguu hapa."

"Leo una furaha kweli," mumewe alisema, akauweka.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mechi, Matroni alisimama mlangoni na kikombe chake. Timu ya netiboli ilitokea kwenye kona ya bweni, na ilikuwa inachechemea. Yote. Kila goti la kushoto limefungwa bendeji nyeupe, kila msichana anaburuta mguu kwa mbwembwe zake, huyu kama mlevi, yule kama bibi harusi aliyebanwa na viatu. Wanafunzi wengine walikuwa wanashika mbavu kwa kicheko.

"Ni mtindo wa timu, Mama!" Redio alipaza sauti. "Wapinzani wasijue pa kutugonga!"

Matroni hakucheka. Chai ilimmwagikia mkononi, haikumchoma kwa kuwa ilikuwa imeshapoa. Alirudi ndani, nikasikia kabati likifunguliwa, likifungwa.

"Nimejifunga macho kwa bendeji zangu mwenyewe," alisema.

Alikuwa peke yake chumbani. Nadhani aliniambia mimi.

Nilikuja kuelewa baadaye kidogo. Timu haiwezi kujisumbua kiasi hicho kwa ajili ya wapinzani ambao hata hawapo hapa. Kulikuwa na goti moja lililohitaji kufichwa kati ya magoti mengi, ili Filimbi asilione na Matroni asilione, na yeye ndiye aliyegawa vifaa vya kulifichia.

Wakati wa mapumziko ya saa nne aliwaita wote waje awafunge upya. "Mmefunga kama mnafunga mzigo wa kuni," aliwaambia. Walikuja mmoja mmoja, akafungua, akabonyeza, akafunga. Magoti mazima, yenye afya, mengine yana vumbi. Redio alikuwa wa mwisho. Alipokwisha kufungwa, alisimama mlangoni akasema, bila kuulizwa na mtu:

"Na Kiberiti amesema usijisumbue, Mama, lake halina shida kabisa."

Kisha Redio akasema kwa sauti ndogo, "Jamani, mdomo wangu huu," na nyayo zake zikakimbia kwenye kokoto.

Kiberiti ni nahodha. Ni mfupi kuliko wachezaji wengi wa netiboli, mweusi, mkavu, na anawaka haraka. Jina walimpa siku yake ya kwanza shuleni. Matroni alimtafuta darasani akamkosa, akamtafuta bwenini akamkosa. Alipofika mahali ambapo alipaswa kuanzia, alimkuta ameketi kwenye benchi nyuma ya jiko kubwa, mguu ndani ya beseni la maji ya moto, bendeji imetundikwa kwenye msumari wa miiko. Mpishi alikuwa amechuchumaa mbele yake na mikono imeloa hadi kwenye viwiko.

"Kaka, unafanya nini?"

"Namkanda mtoto, dada. Kwani wewe unaona nini?"

"Naona unapika goti."

"Mimi nimekanda unga tangu sijaota ndevu. Goti litanishinda?"

"Unga hauvimbi hivyo."

"Unavimba ukitiwa hamira," mpishi alijibu. Lakini alipoangalia tena kilichokuwa mikononi mwake, hakumalizia kucheka. Goti lilikuwa limejaa, limepoteza umbo, na ngozi yake inang'aa. Aliinuka akajifuta kwa aproni. "Jana halikuwa hivi," alisema.

Matroni alivuta kigoda. Kukaa chini kulimchukua muda, kwa sababu magoti yake nayo yana maneno.

"Lilitoa mlio?"

"Kidogo," Kiberiti alisema.

"Mlio gani?"

"Kama kijiti kikivunjika."

"Lini?"

"Jumapili. Niliruka, nikatua juu ya mguu wa mtu."

"Ukishuka ngazi linakuacha?"

Msichana alitazama beseni. "Siku nyingine."

"Mwanangu."

"Mama, ni Jumamosi tu. Mechi moja. Nikishamaliza nitakuja mwenyewe, unilaze, unifunge plasta hadi shingoni ukitaka. Wateuzi wa timu ya mkoa wanakuja kuangalia. Mimi niko kidato cha mwisho. Nikikosa sasa, mwakani nitachezea wapi? Uani kwetu, na kuku?"

"Linaweza kukatika kabisa."

"Linaweza lisikatike."

Matroni aliniambia kwamba hapo ndipo alipochoka. Alitaka msichana alie, au amtukane, ili yeye apate jambo la kufanya. Lakini Kiberiti alikuwa amesema kweli, na yeye hakuwa na mashine ya kutazama ndani ya goti. Alikuwa na vidole tu.

"Uliahidi," Kiberiti alisema.

"Niliahidi utajua kwanza. Basi jua. Leo kabla ya mazoezi nenda kwa mwalimu, umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Ukishindwa, nitamwambia mimi."

"Wenzangu hawatakuja kwako tena. Hata mmoja."

"Najua."

"Mkono wa yule anayeandikia kushoto uliuona mwenyewe."

"Niliuona," Matroni alisema. "Toa mguu kwenye maji hayo."

Jioni ile niliacha vitabu vilivyorudishwa mezani nikasimama dirishani, maana uwanja wa netiboli uko mbele ya maktaba. Timu ilikuwa inapasha mwili. Bendeji nyeupe zilikuwa zinapanda na kushuka, na kwa kweli hata ukijua unachokitafuta ilikuwa vigumu kukiona. Kiberiti alikuwa katikati yao akirusha mipira kwenye ringi akiwa amesimama wima. Filimbi alikuwa anahesabu kwa sauti na kupiga makofi. Ilikuwa wazi kwamba hajaambiwa kitu.

Matroni alitoka. Alipita kwenye nyasi badala ya njia, polepole, raba zake zikipwaya, na mazoezi yalikufa kabla hajafika. Sauti za uwanjani hufika kwetu vizuri.

"Karibu, Matroni," Filimbi alisema. "Umekuja kututia moyo?"

"Nimekuja kukuomba mchezaji mmoja."

"Chukua yeyote umtakaye, ila Kiberiti niachie," akacheka.

"Ni huyo huyo."

Kicheko chake kilipungua kidogo kidogo. Alitazama magoti yaliyomzunguka. "Lakini wote wamefunga, Matroni. Nikimtoa kila mwenye bendeji, Jumamosi nitaingia uwanjani mimi na filimbi yangu."

"Bendeji nimetoa mimi. Goti bovu ni moja."

"Kiberiti, unaumwa?"

"Hapana, mwalimu."

Filimbi si mtu mbaya, nimesema. Mkuu wa shule alikuwa ameshaagiza kabati la kuwekea kombe, na kila asubuhi humuuliza kombe liko wapi. Alijifuta uso kwa mkono wa tisheti. "Basi ruka mara moja tuone," alimwambia Kiberiti, kwa upole, kama anayeomba msamaha.

"Asiruke," Matroni alisema.

"Ataruka," Redio alisema. "Ruka, nahodha."

Kiberiti alishika mpira vizuri. Alitazama ringi, akakunja magoti kama mtu anayeanza kuruka, akabaki hivyo hivyo amekunja. Wote walingoja. Kisha aliketi chini, palepale kwenye mstari, akaanza kuifungua bendeji, mzunguko baada ya mzunguko, bila haraka. Ilipokwisha aliifinyanga ikawa donge, akaitupa miguuni mwa Matroni.

"Haya," alisema. "Imerudi."

Ijumaa asubuhi tulimpeleka hospitali kwa gari dogo la shule. Matroni aliniomba niende naye nimsaidie kumshika msichana kwenye ngazi. Nadhani pia hakutaka kukaa naye peke yake. Chumba cha kusubiri kilikuwa na mabenchi marefu ya mbao yaliyolainishwa na watu wengi, na feni iliyokuwa inazunguka bila kuleta upepo. Mbele yetu alikuwa mvulana wa shule nyingine aliyefungwa mkono kwa tai yake ya sare. Kila muuguzi akipita, mvulana aliuficha mkono nyuma ya begi, mazoea tu, kwa sababu alikuwa ameshafika mahali ambapo hakuna haja ya kuuficha.

Zamu yetu ilipofika, muuguzi alimuuliza Kiberiti, "Umeumia lini?"

"Jana."

"Jumapili," Matroni alisema.

Muuguzi hakushangaa. "Wachezaji wote huumia jana," alisema, akatuelekeza kwenye chumba cha picha.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alilishika goti kwa mikono miwili, akalivuta mbele kidogo, akalisukuma nyuma, akaiangalia picha, akalivuta tena. Alisema mfupa ni mzima, lakini kano ya ndani imechanika, si yote. Maji ya moto na kukandwa vimeongeza uvimbe. Atafungwa kifaa cha kulinyoosha goti, atembee na magongo, asahau kuruka kwa miezi, kisha wataangalia kama kuna haja ya kupasuliwa.

Kiberiti alimsikiliza mpaka mwisho. "Kama ningecheza kesho," alisema, "mechi moja tu, ingekuwaje?"

Daktari alifikiri. Namheshimu kwa hilo. "Huenda ingekatika yote," alisema. "Huenda ungemaliza mechi ukaenda kuoga. Siwezi kukuapia."

Msichana aligeuka akamtazama Matroni. Tukirudi aliketi mbele na dereva, mguu umenyooshwa hadi karibu na gia, na katikati ya safari nilimsikia akisema, kwa sauti ya kawaida, "Huenda." Dereva akadhani anaulizwa jambo kuhusu barabara.

Jumamosi timu ilifungwa. Wateuzi hawakumchagua yeyote wa shule yetu. Basi lilirudi kimya, taa za ndani zimezimwa, na Filimbi alishuka wa mwisho akiwa na filimbi mfukoni.

Jumatatu Matroni alipofungua mlango alfajiri, alikuta bendeji kwenye ngazi. Zimefuliwa, zimekunjwa vizuri, zimepangwa kama mayai kwenye trei. Hakuna aliyeacha neno. Aliziinua moja moja akaziingiza kabatini. Aliniambia zilikuwa zinanukia sabuni ya kuogea, na kwamba hakuna hata moja iliyokunjwa ovyo.

Wiki ile ilikuwa kama muhula ule wa mwaka uliopita. Walikuja wa tumbo na wa kichwa. Wasichana wa timu wakipita kwenye kokoto walipita kwa kubanana, wale wa pembeni wakiwaficha wa katikati, macho mbele. Kiberiti peke yake hakuweza kujificha. Magongo yake yalisikika tangu kwenye kona ya bweni. Alipita mbele ya mlango wa chumba cha wagonjwa kila asubuhi bila kugeuza kichwa, na Matroni alimtazama kuanzia chini hadi juu, kisha chini tena, kuona kama anayashika magongo sawasawa.

"Wangapi leo?" mumewe alimuuliza jioni moja.

"Hakuna."

"Si vizuri? Hakuna aliyeumia."

Matroni alivua raba zake.

Kilichomshtua zaidi kilitoka jikoni. Mpishi alikuwa ameapa kutomkanda mtu tena. Akiona msichana anakuja na sura ya kuomba maji ya moto, anamfukuza kwa mwiko. "Nimeharibu goti la mtoto wa watu," alimwambia kila aliyetaka kumsikiliza. Alikuwa amekonda kwa majuto, hata ugali wake ulikuwa mlegevu. Na kwa kuwa mlango wa Matroni wamejifungia wenyewe, na wa Mjomba wamefungiwa, ulibaki ule wa nyuma ya soko. Siku ya ruhusa ya kutoka, Redio mwenyewe alionekana akirudi kutoka huko ameshika kiuno.

Matroni alikwenda jikoni alasiri, wakati masufuria yanaoshwa. Hapo nilikuwepo, nilikuwa nimefuata maji ya kunywa.

"Kaka," alisema, "waache waje."

"Waje kufanya nini? Niwapike tena?"

"Wakae. Wakae kwenye benchi lako wakuambie wanaumwa wapi. Usikande. Unayo friji, unayo barafu. Wafunge barafu kwenye kitambaa, uwape stuli wanyooshe mguu. Ukiona uvimbe, niite."

Mpishi alimtazama kwa mashaka. "Yaani mimi sasa niwe mpelelezi wako? Wakijua, na mimi watanisusa."

"Waambie tangu mwanzo. Mwambie kila mmoja: likivimba namwita Matroni. Atakayeondoka aondoke. Lakini asiondoke kwa sababu umemfukuza na mwiko."

"Na ukiitwa utakwenda kumwambia mwalimu."

"Nitamwambia mwenye mguu kwanza."

"Halafu mwalimu."

"Likiwa kama lile, ndiyo."

Mpishi alisugua sufuria moja mahali pamoja kwa muda mrefu. "Dada, wewe ni mgumu," alisema. "Barafu ninayo. Lakini nyama ikiharibika kwa sababu friji inafunguliwa ovyo, utamweleza mkuu wewe."

"Nitamweleza."

Alitoka akiwa ameshika kiuno, akapumzika mara moja kwenye nguzo ya varanda, akaendelea.

Asubuhi iliyofuata nilifika mapema kuliko kawaida. Alikuwa mlangoni na kikombe chake. Mimi si mtu wa maswali. Tumepakana muda wote huu na karibu kila ninachokijua kumhusu kimepita chenyewe kwenye mbao. Lakini siku hiyo nilikwenda nikasimama kando yake, tukatazama wote chini. Miguu ilipita, soksi zimevutwa, viatu vimepigwa rangi. Kundi la timu lilipita limebanana. Nyuma kabisa, peke yake, magongo ya Kiberiti yalikuwa yanatafuta mahali pa kukanyaga kwenye kokoto. Alipofika mbele yetu, gongo moja liliteleza. Matroni alinyoosha mkono, chai ikamwagika, lakini msichana alijishika mwenyewe, akapita.

Nilingoja mpaka amefika uwanjani.

"Matroni," nilisema, "unafikiri watarudi kwako?"

Alimimina chai iliyobaki kwenye ua.

"Watarudi," alisema. "Wakishaumia sana."